Daftari la Kila Kilichoingia Mdomoni

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mimi si mlaji. Nilikuwa nikilisema hilo hadharani, misibani na harusini, huku nimeshika sahani. "Mimi si mlaji sana, nipunguzie," nasema, na mpakuaji, akijua mimi ni mwalimu na mtu mzima, ananiongezea. Ningefanyaje? Kubishana na mwiko mbele za watu si adabu.

Kwa hiyo siku nilipokwenda kituo cha afya hapa Kasulu kwa ajili ya goti, sikuwa na wasiwasi. Daktari alinitoboa kidole, akanipandisha kwenye mzani, akanifunga kile kitambaa cha presha mkononi, kisha akaitazama karatasi yake muda mrefu. Nilidhani anafikiria dawa ya goti.

"Mwalimu," akasema, "goti halina kosa. Goti linabeba mzigo."

Niseme mapema kwamba daktari huyo nilimfundisha mimi mwenyewe. Darasa la nne, dawati la dirishani, msichana mwembamba aliyekuwa akilia akipata tisa juu ya kumi. Nilipoingia aliniamkia shikamoo kwa kuinama kidogo, na mimi nikaitikia kwa sauti nzito ya ubaoni. Hayo ndiyo yalikuwa mamlaka yangu ya mwisho katika chumba kile.

Alinieleza kwamba sukari yangu imefika mpakani, haijavuka. Presha yenyewe imeshavuka kidogo. Hatanipa dawa kwanza. Anataka kujua ninakula nini.

"Jana ulikula nini, Mwalimu?"

"Mla ni mla leo," nikamjibu. "Mla jana kala nini?"

Hakucheka. Nilimfundisha methali ile mwenyewe, na aliipata, lakini hakucheka.

"Ndiyo maana nataka uandike," akasema. "Tafuta daftari. Kila kinachoingia mdomoni ukiandike, mwezi mzima, kila wiki uniletee. Maji tu ndiyo usiandike."

"Na dawa ya mswaki?"

"Mwalimu."

Nikaenda kununua daftari.

Mke wangu ni fundi cherehani, ana kibanda chake karibu na soko. Nilipomweleza aliondoa mguu kwenye pedeli, akacheka hadi akafuta machozi kwa kipande cha kitenge cha mteja. Akaniuliza daftari nimenunua la kurasa ngapi. Nikamwambia arobaini na nane.

"Rudisha," akasema. "Nunua kaunta buku."

Nikamtii. Wiki ya kwanza niliandika kwa mwandiko mzuri sana. Nilipiga mistari kwa rula. Asubuhi: chai. Mchana: ugali kiasi, maharage kiasi. Jioni: ugali kiasi, mchicha. Nikisoma ukurasa ule nilijisikia mtu wa kufunga na kuomba. Sikuona kama nadanganya, kwa sababu nilikuwa nimejiwekea kanuni. Ya kwanza, kinacholiwa mtu akiwa amesimama si chakula. Ya pili, kinacholiwa kazini ni kazi. Ya tatu, kitu ulichopewa ukashindwa kukataa ni dhambi ya aliyekupa.

Daktari alisoma kurasa zote saba bila haraka. Kisha akafungua droo, akatoa kalamu nyekundu. Nikakaa wima, kama mtoto ambaye hakufanya kazi ya nyumbani.

"Kiasi ni nini?"

"Kiasi ni... kiasi."

"Mwalimu, mimi ningekuandikia insha, 'Mtu fulani alikwenda mahali fulani kufanya jambo fulani,' ungenipa ngapi?"

Akafunua ukurasa wa pili.

"Na saa nne asubuhi huwa uko wapi?"

Nchi nzima inajua mwalimu huwa wapi saa nne asubuhi: kwenye chai ya shule. Nikakohoa. Akaandika chini ya ukurasa, kwa herufi kubwa nyekundu, RUDIA, akanirudishia daftari kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Basi wiki ya pili nikaandika ukweli. Sikujua kuandika ukweli kunachosha hivyo. Siku moja tu, Jumanne, ilijaza ukurasa na nusu. Chai ya nyumbani na kiazi. Halafu chai ya shuleni vikombe viwili, mihogo ya kukaanga vipande vinne na kachumbari yake. Andazi moja. Nusu ya andazi jingine, la mwalimu wa hisabati, ambaye aliitwa ofisini akaliacha wazi, nami nikaona litapata nzi. Kisha uji wa wanafunzi.

Hapo kwenye uji inabidi nieleze. Shuleni kwetu mwalimu wa zamu huonja uji kabla haujagawiwa, kuhakikisha umeiva. Zamu ni ya kupokezana, wiki kwa wiki. Lakini kwenye kuonja mimi nilikuwa sipokezani na mtu. Mpishi alikuwa amekwisha kunizoea, ananiwekea kikombe kile cha bati chenye mkono, kimejaa, na mimi naonja mpaka nione kitako chake.

Baada ya kazi nilipitia kibandani kwa mke wangu. Karibu yake kuna mama mmoja wa Kikongo aliyeolewa hapa mjini, anayekaanga maandazi ya mviringo ambayo yeye huyaita mikate. Kila nikipita ananiita niende kwake, "Papa, kuya! Onja tu, ni ya leo." Nilikuwa naonja. Niliandika: mikate mitatu, kuonja. Kisha nikakata neno kuonja, maana niliiona kalamu nyekundu ikija.

Mwisho wa wiki niliketi nikasoma kurasa zile kama ninasahihisha kazi ya mtu mwingine. Alikuwa mtu wa ajabu. Alikula mara tisa kwa siku, na mara saba kati ya hizo alikuwa njiani kwenda mahali pengine. Nilimwonea huruma, kisha nikamwonea wivu kidogo.

Mke wangu naye alilisoma. Kosa lilikuwa langu, niliacha daftari mezani. Tena huko nyuma nilikuwa nimemwambia daktari kwamba tatizo ni nyumbani, napakuliwa mno, jambo ambalo daktari, akipeleka gauni kushonwa, alimpelekea mke wangu neno kwa neno. Mke wangu alikaa na kaunta buku lile mapajani, akipitisha kidole kwenye kila mstari.

"Kumbe," akasema, "kwangu huwa unakuja kupumzisha tumbo."

Siku tatu sikuongezewa mboga.

Hata hivyo daftari lilianza kufanya kazi yake. Kalamu ina uzito. Mara mbili nilirudisha mkono kutoka kwenye sahani kwa sababu tu nilikuwa mvivu wa kuandika, na mara moja niliacha kipande cha mhogo kwa kuwa wino ulikuwa umekwisha. Mpishi wa uji aliniuliza kama ninaumwa.

Wiki ya tatu shule zilifungwa, tukasafiri kwenda Kibondo kumsalimu mama mkwe wangu. Ni mjane. Anaishi peke yake pembezoni mwa mji, katika nyumba ileile aliyozalia watoto saba, na wote saba wameondoka, mke wangu akiwa wa mwisho. Anavuna maharage yake, ana migomba, na ana mizinga miwili ya nyuki ambayo haruhusu mtu mwingine aiguse.

Mke wangu aliniomba daftari niliache Kasulu. Nilikataa. Kati ya aibu ya ukweni na kalamu nyekundu, niliogopa zaidi kalamu.

Mama mkwe ni mtu wa desturi za zamani. Tukifika anapiga makofi mepesi, ananisalimu kwa Kiha, lugha yetu ya huku, "Mwakeye," namwitikia nikiwa nimeinamisha macho, na hapo mazungumzo yetu ya ana kwa ana yamekwisha mpaka kesho. Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumwona akitia kitu kinywani, wala yeye hakuwahi kukaa nami chumba kimoja nikila. Mimi naketi sebuleni, yeye yuko jikoni, na maneno yetu hubebwa na mke wangu, kwenda na kurudi, kama barua.

Siku hiyo alikuwa amechinja jogoo. Mke wangu aliingiza ugali wa muhogo uliosimama kama kichuguu, bakuli la nyama, maharage yaliyoungwa kwa mawese, na kisahani cha asali na mihogo ya kuchemsha kwa ajili ya baadaye. Nikanawa, nikaomba, nikatoa daftari.

Kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuwa mtu mkweli, niliandika palepale, nikila. Matonge manne, naandika. Paja, naandika. Firigisi, ambayo ni heshima ya mkwe, nikaipigia mstari chini. Sikujua kwamba pazia la kwendea jikoni lilikuwa limebaki wazi upana wa kiganja.

Mke wangu akatokea. "Mama anauliza unaandika nini."

"Mwambie naandika chakula."

Akaenda. Akarudi. "Mama anauliza chakula chake kina nini."

"Hakina neno! Mwambie ni agizo la daktari."

Akaenda. Safari hii nilisikia mwiko ukiwekwa chini huko jikoni. Mke wangu aliporudi uso ulikuwa umebadilika.

"Mama anasema, daktari wa Kasulu alijuaje kwamba leo utakula kwake?"

"Anamaanisha nini?"

Akainama, akaninong'oneza. "Anadhani unaandika ili ukiumwa, ijulikane ulikula nini na kwa nani."

Nikaweka kalamu chini. Kwetu huku hilo si jambo la mzaha. Kusema fulani aliumwa baada ya kula kwa fulani ni kumtaja mtu kwa jina baya kuliko yote, na mwanamke mjane anayeishi peke yake huchunga jina lake kuliko anavyochunga nyuki. Na mimi, mkwe wake, nimekaa kwenye kiti chake, nimeshika ushahidi wa maandishi, wenye mistari ya rula.

Kabla sijafunga daftari, pazia lilisukumwa. Mama mkwe aliingia sebuleni. Hakunitazama. Alitandika kanga chini, akaketi mbele ya sahani yangu, akamega tonge kutoka kwenye ugali wangu, akachovya kwenye mchuzi wangu, akatia mdomoni. Akatafuna taratibu akiangalia ukuta. Akachukua kipande cha kidari, nacho akakila mpaka mfupa. Mimi sikujua niangalie wapi. Niliiangalia kalenda.

Akameza. Akasema, kwa Kiswahili, pole pole, ili kila neno linifikie:

"Andika na hilo. Andika: na mama mkwe naye alikula."

Nikaandika. Nilifanya haraka kiasi kwamba mpaka leo mstari ule hausomeki vizuri.

Nilijaribu kueleza habari ya sukari na mpaka, akawa anaitikia kwa koo tu, jinsi mtu anavyomwitikia mwongo. Mke wangu ndiye aliyetuokoa. "Msomee," akasema. "Msomee za nyuma."

Basi nikafungua kurasa za wiki ya pili, nikamsomea mama mkwe wangu kwa sauti, mimi mtu mzima mwenye mvi, kila kitu nilichokula shuleni. Mihogo vipande vinne. Andazi. Nilipofika kwenye nusu andazi, akainua mkono.

"La nani?"

"La mwalimu wa hisabati, mama. Alikuwa ameitwa ofisini."

"Ukala andazi la mwenzio."

"Nzi, mama."

"Endelea."

"Uji wa wanafunzi. Kuonja."

"Kwa kijiko?"

Nikafunua ukurasa. Mke wangu, ambaye hakuna siri anayonitunzia, akajibu kwa niaba yangu. "Kwa kikombe, mama. Kile cha bati."

Mabega ya mama mkwe yakaanza kutikisika. Alijifunika uso kwa upindo wa kanga, nikadhani nimemliza, kumbe alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, halafu kwa sauti, akajipiga paja, akasema kitu kwa Kiha kwa mke wangu ambacho mke wangu alikataa kunitafsiria ingawa mimi Kiha nakijua. Alisema alimwoza binti yake kwa nzige.

Hofu iliponitoka nikapata ujasiri wa kipumbavu. Nikafungua ukurasa mpya, nikashika kalamu kama karani.

"Na wewe mama, jana ulikula nini?"

Aliona ni mchezo, akaingia mchezoni. "Jana? Jana nilikunywa chai."

"Mchana?"

"Chai ileile."

"Jioni?"

"Nililala mapema."

"Juzi?"

"Juzi kulikuwa na kiporo cha ugali." Akafikiri. "Na chumvi."

Nilikuwa naandika bado, natabasamu, sijaelewa. Mke wangu ndiye aliyeelewa kwanza. Alikuwa amesimama mlangoni na sahani mkononi, akaacha kuifuta.

"Mama, kwa nini chumvi? Maharage si yapo?"

"Yapo. Magunia." Akasema kama anamweleza mtoto. "Nani awashe moto saa tatu nzima kwa maharage ya mtu mmoja? Mtu mmoja si mlo. Ninyi mkija ndiyo napika."

"Na kuku?"

"Kuku gani? Alikuwa huyu mmoja."

Nikatazama bakuli. Mifupa ilikuwa upande wangu karibu yote.

Miaka yote ile tulikuwa tukirudi Kasulu tumeshiba, tukiambiana njiani kwamba mama anaishi vizuri, mbona meza yake haikosi kitu. Hatukuwahi kujiuliza meza ile huwa na nini tukishaondoka. Niliona haya ambayo kalamu nyekundu haikuwahi kunipa. Mke wangu yeye alikasirika, kwa namna binti anavyomkasirikia mama yake, akaanza kumweleza habari za afya, na uzee, na ndugu zake sita wasiopiga simu.

"Usinisomee risala," mama mkwe akamkatiza.

Tulimwomba aje akae nasi Kasulu. Akauliza nyuki tutawaweka wapi, kibandani kwenye cherehani? Tukabishana naye siku mbili nzima. Siku ya tatu, tukifunga mizigo, akaniita mimi moja kwa moja, bila kumtumia mke wangu, jambo ambalo tangu siku ya lile tonge lilikuwa limeanza kuwa la kawaida.

"Baba, hilo daftari lina kurasa zimebaki?"

"Zimebaki, mama."

"Basi nitakuwa nakwambia kwa simu. Lakini na wewe unisomee lako. Siwezi kusomwa peke yangu."

Akanipa chupa ya asali. Nikamwambia daktari amekataza asali. Akasema si yangu, ni ya daktari.

Simu za kwanza zilikuwa ngumu. Alipiga jioni, kabla ya taarifa ya habari, akasema haraka kama mtu anayetoa ripoti ya wizi. "Andika. Ugali." Nikamuuliza mboga. "Mboga ilikuwepo." Nikamwambia sioni mboga, mama, naona neno "ilikuwepo" tu. Akakata simu. Kesho yake aliniambia aliwasha moto kwa hasira, akapika maharage ili tu apate kitu cha kunijibu, na yalikuwa mengi, ikabidi amwite jirani.

Jirani huyo ni mama wa rika lake, naye anaishi peke yake. Familia yake ilitoka Burundi zamani, yeye amezeekea Kibondo. Kwa miaka walikuwa wakisalimiana kupitia ua. Siku ya maharage alikuja na bakuli lake. Siku iliyofuata alimwita mama mkwe kwake, kwenye ndizi. Nikaanza kuandika vitu ambavyo sikuvitegemea: matembele, dagaa, parachichi, uyoga uliotoka kwa mtoto wa jirani.

Mwezi ulipokwisha nilipeleka daftari kituoni. Presha ilikuwa imerudi nyuma ya mpaka, sukari imetulia, na mzani ulikuwa umenishusha kidogo, si sana. Daktari alisoma hadi mwisho, akapitiliza, akafika kwenye kurasa za nyuma.

"Huyu ni nani?"

"Mama mkwe wangu."

Akasoma kurasa tatu nzima. Akachukua ile kalamu, akaandika pale chini Vizuri sana, akapiga na nyota. Mimi kwenye zangu aliniandikia Jitahidi. Asali aliipokea.

Daktari hakuniagiza kuendelea, lakini jioni simu bado inalia. Siku hizi mara nyingi anayeshika si mama mkwe, ni yule jirani, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kirundi, akinishtaki kabla sijamwamkia.

"Mwalimu, andika. Leo ametia mafuta mengi. Akikwambia kijiko kimoja usikubali, mimi nilikuwa nahesabu."

Nyuma yake namsikia mama mkwe akipiga kelele kwamba huyo ndiye aliyekula ukoko wote, na kama ni kuandikwa waandikwe wote wawili. Ninashika kalamu, naandika mafuta, naandika ukoko, na mke wangu kutoka jikoni ananiuliza wamepika nini leo.